Muhuri wa Pili wa Tarumbeta

"Katika mji huu hakuna muhuri wenye pacha. Na kama upo, haukuzaliwa kwangu!"

Maneno hayo Bwana Wino aliyasema mbele ya watu mia mbili na ushee, kwenye mkutano wa mwaka wa mafundi na wafanyabiashara wadogo, alipopewa kipaza sauti ataje jina na kazi yake tu. Walimpa dakika moja, akachukua kumi na moja. Mwendesha mkutano alimkonyeza, akakohoa, akamgusa kiwiko, mwisho akasimama ubavuni kwake kama mtu anayengoja zamu ya choo. Bwana Wino hakumwona. Alieleza toka mwanzo jinsi muhuri unavyochongwa, kwa nini herufi huchongwa kinyumenyume, na kwa nini nchi isiyoheshimu muhuri ni sawa na nyumba ambayo kila mtoto ana ufunguo wa kabati la sukari. Watu walipiga makofi, nusu kwa kukubali, nusu kwa kumwomba akae.

Kazi yenyewe haikuwa na mbwembwe. Alikuwa na kibaraza cha jengo la ghorofa mbili, mkabala na ofisi ya Msajili wa vyama na taasisi. Meza ya mbao yenye droo isiyofunga. Taa yenye shingo ya kupinda. Mpira mwekundu wa kuchongea. Na visu vitatu vidogo ambavyo mke wake hakuruhusiwa hata kuvitazama akiwa na kitunguu mkononi. Hapo alikaa miaka thelathini na minane. Vidole vyake vilikuwa vya zambarau hadi kifundo cha pili. Sabuni zilijaribu, zikashindwa, zikastaafu. Ndipo akaitwa Bwana Wino, na jina la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho likila vumbi.

Ufundi alirithi kwa mjomba wake, na pamoja na visu alirithi utaratibu. Muhuri mpya wa ofisi, shule, ushirika au chama hautoki mpaka ule wa zamani uletwe na ukatwe vipande viwili mbele ya mwenyewe. Kama wa zamani umepotea, iletwe barua yenye sahihi mbili, ya mwenyekiti na ya katibu. Mjomba alikuwa na sababu yake: mtu mmoja anaweza kupoteza muhuri kwa makusudi, lakini watu wawili wasiopendana hawawezi kukubaliana kuupoteza. Na kila muhuri uliotoka ulipigwa kwanza kwenye daftari kubwa la jalada gumu, tarehe pembeni, sahihi chini. Kuna mwalimu mkuu aliwahi kupiga magoti pale kibarazani, suti na yote, kwa sababu vyeti vya shule vilikuwa vinangoja. Bwana Wino alimpa kiti, akampa maji, akamrudisha akatafute sahihi ya pili.

Kwa siasa, alikuwa mtu wa chama cha Nguzo toka ujana, na hakuingia Nguzo kwa sababu ya fulana. Aliamini kwamba kitu kilichosimama muda mrefu kina sababu ya kusimama, na anayetaka kukiangusha aseme kwanza tutalala wapi mvua ikinyesha. Mabadiliko hakuyachukia. Alichukia mabadiliko yanayokuja na spika tatu na ajenda sifuri.

"Nguzo haikimbiikimbii," alikuwa akisema. "Nguzo inashika paa."

"Ndiyo maana barabara yetu haina lami," alijibu Mama Taipu bila kuinua macho kwenye mashine yake. "Mikono yote miwili mmeshika paa, koleo atashika nani?"

Mama Taipu ndiye aliyegawana naye kibaraza. Aliwapigia watu barua kwa taipu: za maombi, za malalamiko, za mapenzi zilizokwama. Chama hakuwa nacho. Uchaguzi uliopita aliwapa kura Tarumbeta, na alipoulizwa kwa nini, alisema kanga waliyompa haikuchuja.

Tarumbeta. Bwana Wino alilitamka jina hilo kama mtu anayetoa unywele kwenye mchuzi. Chama kilizaliwa miaka sita nyuma kikiahidi kusafisha. Kusafisha halmashauri, kusafisha masoko, kusafisha kila kilichoguswa na Nguzo. Walitembea na mafagio barabarani, wakapigwa picha, wakayaacha mafagio hapo hapo barabarani. Uchaguzi ulipokuja wakapata viti vinne vya udiwani, na kuanzia siku hiyo harufu haikukata.

Ugomvi wao haukuanza na sera. Ungeanza na sera, Bwana Wino angewapa heshima yao, maana hata watu wa ukoo mmoja wanaweza kutofautiana wachimbe kisima wapi. Ulianza na kiti cha mbele cha gari. Chama kilikuwa na gari moja, pikapu ya rangi ya maziwa yaliyochacha. Mwenyekiti, aliyekuwa dalali wa mnada kabla ya kugundua kwamba siasa hailipishi ushuru, alisema kiti cha mbele ni cha mwenyekiti. Katibu akasema yeye ndiye mwenye ratiba, kwa hiyo kiti ni chake. Mwenyekiti akapanda. Katibu naye akapanda, hakumngoja ashuke. Walikwenda hivyo hivyo hadi mkutanoni, wawili kwenye kiti kimoja, wamenuniana kilomita kumi na nne, na walipofika wakapanda jukwaani kuhubiri umoja.

Baada ya hapo ikawa sarakasi. Siku moja, kabla ya chakula cha mchana, mwenyekiti alimfukuza katibu uanachama na katibu akamfukuza mwenyekiti. Barua zote mbili zilipigwa na Mama Taipu.

"Ya pili sikuhangaika," alimwambia Bwana Wino. "Nimebadilisha majina tu. Wote wawili wameshutumiana uroho, uzembe na kuiba spika."

"Na spika iko wapi?"

"Mweka hazina anaipigia muziki harusini."

Ofisi ya chama ikatiwa kufuli na upande mmoja, upande wa pili ukatia lake juu yake, mwenye nyumba naye akatia la tatu. Mafaili ya wananchi, ya viwanja na maji na ada za shule, yakabaki ndani na panya, ambao Bwana Wino alisema ndio wajumbe pekee waliokuwa wanahudhuria vikao bila kukosa. Kisha ukaitishwa mkutano wa maridhiano katika ukumbi wa shule. Zilisomwa ajenda mbili. Mjumbe mmoja alisimama kuhesabu mikono iliyonyooshwa, na mjumbe mwingine, mtu mzima mwenye wajukuu, akamng'ata kidole alichokuwa anahesabia.

Bwana Wino aliisoma habari ile gazetini, akalikunja polepole kama mtu anayerudisha kifuniko kwenye sufuria aliyokuta mende ndani.

"Watu wanasema mafahali wawili hawakai zizi moja," alisema. "Wanawatukana mafahali. Fahali ana adabu, anapigana mbele ya macho na akishindwa anaondoka. Hawa ni kupe, wanagombania ng'ombe ambaye si wao. Mtu asiyeweza kugawana kipaza sauti na mwenzake, kesho agawe maji ya mji mzima? Atagawa nini? Atang'ata mtu!"

"Na dada yako?" Mama Taipu aliuliza.

Hapo Bwana Wino alichukua kipande cha mpira akakikagua kwenye mwanga, ingawa hakikuwa na tatizo lolote.

Kwa maana yule katibu alikuwa dada yake. Tumbo moja, ziwa moja. Alizaliwa Bwana Wino akiwa na miaka kumi na moja, na kwa kuwa mama yao alikuwa mtu wa kuumwa, ndiye aliyembeba mgongoni, aliyemkata kucha, aliyemshika mkono juu ya kibao hadi akajua kuandika jina lake. Alipoingia Tarumbeta, kaka mtu hakulala siku mbili, halafu akaamua kwamba damu ni damu na siasa ni homa ya msimu. Wakawa wanazungumza habari za watoto, za mguu wa shangazi, za bei ya mafuta ya taa. Chama walikizunguka kama shimo la barabarani.

Alhamisi moja asubuhi dada alipanda kibarazani, mkoba kwapani, uso umefungwa.

"Kaka."

"Bi Katibu. Leo umekuja kama chama au kama ndugu?"

"Nimekuja na shida. Muhuri wa chama umepotea."

Akatoa barua. Ilikuwa imepigwa vizuri, ina tarehe, ina kumbukumbu namba, na chini kulikuwa na sahihi moja. Yake.

"Ya mwenyekiti iko wapi?"

"Amesafiri. Mama yake anaumwa."

"Mama yake si tulimzika mwaka juzi? Nilikuwepo."

"Mama mdogo."

Hapo ndipo pua ilipaswa kufanya kazi. Pua ilinusa, tena vizuri. Mama Taipu naye alinusa, kwa sababu mashine yake ilinyamaza katikati ya neno.

"Mlete Jumatatu asaini, nitachonga Jumatatu," alisema Bwana Wino.

"Majina ya wagombea yanafungwa kesho saa tisa. Yasipogongwa muhuri hayapokelewi. Kaka, kata nne! Jumatatu nitaileta sahihi yake kwa mkono wangu mwenyewe."

"Utaratibu ni sahihi mbili. Mwalimu mkuu alipiga magoti hapa, nikamrudisha."

"Mimi si mwalimu mkuu." Akaisogeza barua karibu na kisu. "Hili jina wewe ndiye uliyenifundisha kuliandika. Leo huliamini?"

Kuna watu huhongwa kwa bahasha. Bwana Wino alihongwa kwa kibao cha shule cha miaka arobaini na mitano iliyopita. Alivuta taa, akafungua daftari kwenye ukurasa wa muhuri wa kwanza wa Tarumbeta, akaunakili: duara, jina la chama, tarumbeta katikati na vimstari vya sauti vinavyotoka mdomoni mwake. Alichonga haraka kuliko desturi yake, jasho kwenye nyusi. Saa sita muhuri ulikuwa tayari. Akaupiga daftarini, akaandika tarehe, dada akasaini, na nafasi ya sahihi ya pili ikabaki wazi kama pengo la jino la mbele.

Kesho yake, Ijumaa saa tatu, mwenyekiti wa Tarumbeta alipanda kibarazani. Hakuwa safarini. Alikuwa na afya ya kutosha watu wawili. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akainama, akavua kiatu cha kulia, akaingiza mkono kwenye soksi na kutoa kitu kilichofungwa kwenye leso.

Mama Taipu alisogeza mashine yake upande upepo unapotoka.

"Mpini umelegea," mwenyekiti alisema, akifungua leso. "Nikazie leo, nina orodha ya wagombea ya kugonga."

Ulikuwa muhuri wa Tarumbeta. Ule wa kwanza. Bwana Wino aliushika kwa vidole viwili, kwa sababu ya soksi, kisha akasahau soksi. Mkono wake aliujua. Tarumbeta lilikuwa na vimstari vinne vya sauti. Jana, kwa haraka na jasho, alikuwa amechonga vitatu.

"Kwa nini unautia kwenye soksi?" aliuliza.

"Miezi mitatu sasa nalala nao, natembea nao, naoga nao uko juu ya dirisha. Nisipofanya hivyo, yule mwanamke atanigongea hadi cheti cha kifo. Usinielewe vibaya, najua ni dada yako. Lakini mzee, yule si katibu, yule ni funza."

Muhuri wa watu, uliogonga barua za wajane na viwanja vya yatima, ulikuwa umekaa miezi mitatu kwenye jasho la dalali. Na Bwana Wino, aliyekuwa amewatukana Tarumbeta kwa kila jina alilojaliwa, aliona kwamba uchafu wao sasa ulikuwa na kazi ya mkono wake ndani yake. Angesema pale pale, pengine lingeishia pale pale. Hakusema. Alipaka gundi, akaukaza mpini, akaurudisha muhuri, akaenda kunawa mikono mara tatu.

"Una pacha," Mama Taipu alisema mwenyekiti alipoondoka. Hakutania.

"Nyamaza, mama."

Dada hakupokea simu siku ile, wala Jumamosi, wala Jumatatu. Jumatatu hiyo ndipo mji mzima ulipojua. Ofisi ya Msajili ilikuwa imepokea orodha mbili za wagombea wa Tarumbeta, majina tofauti, kata zile zile, kila moja na muhuri wake safi wa zambarau. Kila upande ulisema wa mwenzake ni wa kughushi. Mchana tarishi alivuka barabara na barua. Bwana Wino aliitwa Jumatano saa nne, yeye na daftari lake, aseme muhuri upi ni wa kweli.

Wa kwanza kumfikia alikuwa katibu wa tawi la Nguzo, chama chake mwenyewe. Alikuja Jumanne akitabasamu kama mtu aliyeokota kuku barabarani.

"Mzee wetu, Mungu ametujibu. Wewe sema tu huna hakika. Macho, umri, mihuri mingi. Ukisema huna hakika, Msajili anafuta orodha zote mbili, na sisi tunapita kata nne bila kupingwa."

"Lakini nina hakika."

"Hakika unayo, sawa. Lakini si lazima uitumie."

Bwana Wino aliinua kichwa kutoka kwenye mpira. Kichefuchefu cha Tarumbeta alikuwa amekizoea, kilikuwa na ladha ya jirani. Hiki kilitoka jikoni kwake.

"Nguzo imeanza lini kusimama kwa kuegemea takataka za mtu mwingine?"

"Ndiyo siasa, mzee."

"Tukisimama kwa uongo, tofauti yetu na wale ni nini? Wao wanang'atana hadharani, sisi tutang'ata watu kwa adabu? Ondoka, kijana. Unaniziba mwanga."

Jioni hiyo dada alikuja nyumbani. Sebule ilikuwa na viti vinne na meza ya kioo yenye ufa ulioshikwa kwa gundi ya mpira. Mke wa Bwana Wino alileta chai, akasema ana kazi jikoni, akasimama nyuma ya pazia ambako miguu yake ilionekana yote miwili.

"Kaka, kesho useme wangu ndio halali," dada alisema. "Sema ule wa kwanza ulichakaa, ukaukata, na wa dalali ameutoa anakojua."

"Mama yake mdogo anaendeleaje?"

Dada akainamisha uso. "Nilidanganya kwa ajili ya chama."

"Chama kipi? Viko viwili."

"Yule mtu atakiuza! Alikuwa dalali, ndicho anachojua. Nimejenga matawi kwa miguu yangu, nimelala kwenye sakafu za watu. Unataka nimwachie yule mnuka soksi?"

"Hilo ungemwambia mkutanoni, mbele ya wanachama, wapige kura."

"Tulijaribu. Uliona. Mtu aling'atwa."

Bwana Wino karibu acheke. Hakucheka. "Basi hamna chama. Mna ngumi zilizokodi ofisi. Watu waliwapa kura wapate maji, na nyinyi kutwa mnanyang'anyana kiti cha gari, na hata hamuoni aibu. Halafu ukaja kwangu. Kwangu! Ukatia mkono kwenye kitu kimoja nilichokuwa nacho."

"Ingekuwa Nguzo wamekuomba, ungesema chochote."

"Wameniomba leo. Nimewafukuza."

 Nyuma ya pazia mguu mmoja ulihama. Dada aliposema tena, sauti ilikuwa ya mtoto aliyebebwa mgongoni.

"Ukisema kweli, mimi nimekwisha. Sitagombea, sitakuwa chochote. Wewe utapoteza nini kwa kunisaidia? Kibaraza?"

"Jina."

"Na usiponisaidia, utapoteza dada."

Akaondoka, chai haijaguswa. Mke alitoka nyuma ya pazia, akaketi kwenye kiti alichoacha wifi yake, akainywa ile chai mwenyewe. "Ni mtoto wako yule, ukitazama vizuri," alisema. "Lakini hata mtoto wangu akipakaa mavi ukutani, siuiti rangi."

Jumatano, nje ya mlango wa Msajili, Tarumbeta walikuwa wameshaanza. Kila upande ulitaka kuingia kwanza, kwa hoja kwamba atakayeingia kwanza ndiye chama. Mwenyekiti na wakili wa katibu waliingia kwa pamoja, wakakwama mlangoni, tumbo kwa mkoba, na ikabidi mlinzi awasukume kutoka nyuma kama godoro linaloingizwa chumba kidogo. Bwana Wino alisimama ukutani na daftari lake kifuani, akiangalia pembeni, kama unavyoangalia pembeni mtu akijisaidia njiani.

Msajili alikuwa mama mfupi mwenye miwani, asiye na maneno mengi. Aliweka mihuri miwili mezani, kila mmoja juu ya karatasi yake.

"Fundi. Ipi ni kazi yako?"

"Yote miwili, mheshimiwa."

Chumba kikalipuka. Msajili aligonga kalamu mezani mara moja, kikatulia.

Bwana Wino alifungua daftari. "Huu wa vimstari vinne nilichonga miaka sita iliyopita, sahihi mbili hizi hapa. Huu wa vimstari vitatu nimechonga Alhamisi." Akaweka kidole cha zambarau kwenye nafasi iliyo wazi. "Niliambiwa wa kwanza umepotea. Utaratibu wangu unataka sahihi mbili. Nilikubali moja. Katibu ni dada yangu, nikamwamini kuliko utaratibu. Ijumaa nikauona ule wa kwanza kwa macho yangu, nikanyamaza. Wa Alhamisi hauna haki ya kuwepo."

Hakumtazama dada yake akisema hayo. Alimsikia akivuta pumzi, basi.

"Ukate," alisema Msajili.

Alikuwa amekuja na kisu. Mpira ulikatika kirahisi, kama jibini. Orodha ya katibu ikawekwa pembeni, ya mwenyekiti ikapokelewa. Kisha Msajili akavuta karatasi nyingine.

"Na wewe, fundi. Ofisi hii ina orodha ya wachongaji wanaoruhusiwa kuchonga mihuri ya taasisi. Jina lako linatoka kwa miaka miwili."

"Sawa, mheshimiwa. Ningekuwa kwenye kiti hicho, ningefanya hivyo hivyo."

Alisema kweli, na ilimuuma kweli. Miaka thelathini na minane, na sasa angebaki na vimihuri vya maduka, vya IMELIPWA na NAKALA, ambavyo mjomba wake aliviita kazi ya mazoezi.

Ukumbini dada alimpita bega kwa bega. "Kaka, umeninyoa bila maji," alisema, akaendelea na safari. Toka siku hiyo salamu zake zilipitia kwa wifi, na akifika mtaa ule alitembea upande wa pili wa barabara, macho mbele, mkoba kwapani.

Mwenyekiti yeye alikuja na mikono miwili wazi. "Mzee! Umeokoa chama!"

Bwana Wino akarudi nyuma hatua mbili. "Usiniguse. Sikuokoa chama chenu. Kaanikeni soksi."

Ushindi wa mwenyekiti ulidumu siku tisa. Siku ya kumi aligombana na mweka hazina kuhusu nani atasoma hotuba ya shukrani, na kufikia Ijumaa walikuwa wamefukuzana. Mama Taipu alipiga barua zote mbili kabla ya chai ya saa nne. Alikuwa na nakala ya zile za kwanza chini ya mashine, akaongeza tu neno "pia". Wale waliokuwa upande wa dada nao wakagawanyika, waliotaka kukata rufaa na waliotaka kuanzisha chama kipya, na waliotaka chama kipya wakagombana kuhusu nembo. Mji haukupata maji. Mafaili yalibaki na panya.

Wiki hiyo mweka hazina alifika kibarazani, jasho shingoni, akitaka muhuri wa chama, haraka, wa zamani ukiwa kwa mtu asiyefaa kuaminiwa. Bwana Wino alimwambia jina lake limetolewa kwenye orodha. Mweka hazina akasema si neno, nani atajua? Bwana Wino alirudi kwenye IMELIPWA yake, akachonga herufi ya M kinyumenyume, taratibu, mpaka yule mtu akachoka kusimama.

Alasiri Mama Taipu alirudi kutoka kununua utepe wa mashine.

"Nimemwona yule mweka hazina," alisema. "Yuko kona ya benki, kuna duka jipya la mashine. Na mwenyekiti naye yupo kwenye foleni, wamepeana mgongo. Na yule kijana wenu wa Nguzo, yuko nyuma yao."

"Duka la nini?"

"La mihuri. Unapeleka karatasi, inaingia kwenye kompyuta, mashine inakwangua yenyewe. Dakika kumi."

"Wa zamani wanaukata?"

"Hawauulizi."

"Sahihi mbili?"

"Bwana wee, hata jina hawaulizi."

Bwana Wino aliweka kisu chini. Alifuta meza kwa kitambaa, ingawa ilikuwa safi.

"Wanauza kiasi gani?"

"Muhuri mmoja elfu nane," alisema Mama Taipu. "Ukichukua miwili, elfu kumi na nne."